Pakiti ya chipsi za tortila haidanganyi, ila haijibu swali lako

Tuwekane sawa kwanza: hizi siyo chipsi za viazi za kibandani. Chipsi za tortila ni vipande vya pembetatu vya mahindi, chakula chenye asili ya Meksiko ambacho Marekani imekigeuza biashara kubwa ya vitafunio. Siku hizi utazikuta hata kwenye supamaketi za Nairobi, jirani na krispi. Leo sihakiki ladha yake. Nahakiki maandishi ya pakiti, maana hayo ndiyo somo la lishe ambalo watu wengi hulisoma.

Anza na upande wa mbele. "Haina gluteni." Ni kweli, lakini mahindi hayana gluteni ya ngano tangu shambani. Kwa mgonjwa wa siliaki taarifa hiyo ni muhimu sana. Kwa wengine haisemi lolote kuhusu afya. "Haina kolesteroli." Kweli pia. Kolesteroli inatoka kwenye vyakula vya wanyama, na hapa kuna mahindi, mafuta ya mimea na chumvi. Ni sawa na kuuza maji kwa sifa kwamba hayana mifupa.

Sasa geuza pakiti. Kwa kawaida pakiti ya Kimarekani inakupa hesabu ya kipimo kimoja, yaani gramu 28: kalori 140 hivi, mafuta gramu 7, protini gramu 2. Unaona namba ndogo, unatulia. Lakini gramu 28 ni vipande 10 au 12 tu. Hebu niambie, nani anahesabu vipande huku anaangalia mpira? Pakiti ya gramu 280 ina vipimo 10, yaani kalori 1,400. Na wengi wetu tunadhani kipimo hicho ni ushauri wa daktari. Hapana. Sheria ya Marekani inakitaka kiakisi kiasi ambacho watu huwa wanakula kwa mkupuo mmoja, siyo kiasi wanachopaswa kula.

Hizo kalori zinatoka wapi? Gramu 7 za mafuta mara kalori 9 ni 63, karibu nusu ya nishati yote. Tortila laini isiyokaangwa, ya uzito uleule, ina kalori 60 hivi na mafuta chini ya gramu 1. Tuwe waungwana: sehemu ya tofauti hiyo ni maji tu, kwa sababu tortila laini ina maji mengi. Ikiingia kwenye karai, maji yanatoka kama mvuke na mafuta yanachukua nafasi. Kwa hiyo mahindi hayana kosa. Kilichobadilika ni namna ya kupika.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sifa halisi ya chakula hiki haitangazwi. Watu wa Meksiko na Amerika ya Kati, tangu enzi za kale, huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa na kuyaacha yalowe usiku kucha. Mahindi hayo huitwa nishtamali. Chokaa huongeza kalsiamu na huifungua niasini, vitamini ambayo kwenye mahindi makavu imefungamana kiasi kwamba mwili hauifaidi vizuri. Ulaya ilichukua mahindi ikaacha chokaa, na maskini walioishi kwa mahindi matupu wakapata pelagra. Ugonjwa huo ulikuja kuua watu wengi kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na Joseph Goldberger ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo ni mlo, siyo vijidudu. Elimu yote hiyo imo kwenye kipande kimoja cha tortila, halafu pakiti inakwambia habari za gluteni!

Meksiko yenyewe ilichukua njia nyingine mwaka 2020: alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti, zinazotaja kilichozidi. Kwa vyakula vikavu vilivyoongezwa mafuta au sukari, alama ya kalori huwekwa kuanzia kalori 275 kwa gramu 100. Chipsi za tortila zina kama 500. Naipenda njia hii kwa sababu haitegemei kipimo kidogo alichochapa mtengenezaji. Udhaifu wake ni kwamba inaishia kwenye pakiti. Kikapu kinacholetwa mezani hotelini hakina alama yoyote.

Basi ukizinunua, fanya mambo mawili. Gawanya kalori za kipimo kwa uzito wake, zidisha kwa 100, ndipo ulinganishe na kitafunio kingine. Halafu mimina kiasi unachotaka kwenye bakuli, funga pakiti, irudishe kabatini kabla hujakaa. Kachumbari ya nyanya pembeni inafaa; nyanya hazitakuongezea kalori nyingi. Na ukitaka faida ya chokaa bila mafuta, tafuta tortila yenyewe, laini, uipashe moto kwenye kikaango kikavu.