Nani Aliyekiuka? Nafasi ya Mtenda katika Lugha ya Utetezi wa Haki za Binadamu, Kutoka Sauti ya Dhiki hadi Nyololo

Watetezi wa haki za binadamu wanaoandika kwa Kiswahili wana neno moja wasiloweza kulikwepa: ukiukwaji. Kimofolojia, neno hili limejengwa juu ya kauli ya kutendwa, kiukwa, wala si juu ya kiuka. Kwa hiyo linataja haki iliyofanyiwa jambo bila kumdai aliyelifanya. Umbo la ukiukaji lipo, na wapo wahariri wanaolipendelea, lakini ukiukwaji ndilo lililotamalaki katika matamko na ripoti. Si haki kuitwika mofimu -w- dhambi zote: hata ukiukaji wa haki unaweza kuandikwa pasipo mtenda, na ukiukwaji unaweza kufuatwa na kishazi uliofanywa na fulani. Tatizo ni mazoea. Kishazi hicho, mara nyingi mno, hakiji.

Uzito wa jambo hili hauko katika sarufi peke yake. Kila anayetoka Iringa mjini kwenda Mufindi huteremka mlima hadi Ipogolo, kisha hushika barabara kuu ya kuelekea Mbeya. Nyololo iko mbele kwenye barabara hiyo, baada ya Mafinga. Huko ndiko alikouawa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wa Iringa, tarehe 2 Septemba 2012, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Picha zilizochapishwa magazetini zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari. Kiswahili kinampa mwandishi wa taarifa njia kadhaa za kulisema tukio kama hilo. Anaweza kuandika aliuawa na, ambapo na humleta mtenda. Anaweza kuandika aliuawa kwa, ambapo kwa huleta kifaa, na bomu likachukua nafasi ya mkono uliolishika. Anaweza pia kuandika alifariki, na hapo hata kifaa hakihitajiki. Tofauti ya na na kwa hufundishwa shuleni kama kanuni ndogo. Katika kesi hii ilikuwa ndiyo kesi yenyewe.

Mashirika ya kimataifa yalipaza sauti. Kamati ya Kuwalinda Wanahabari iliyoko New York na Wanahabari Wasio na Mipaka wa Paris yalilaani mauaji hayo, na Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO wakati huo, Irina Bokova, alifanya vivyo hivyo. Nchini, Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri waliunda timu yao ya uchunguzi. Huu ndio mzunguko ulioelezwa na Keck na Sikkink (1998): kilio kisichosikilizwa na dola husafirishwa nje, kisha hurudi kikiwa na nguvu ya wageni. Walichokiacha watafiti hao ni gharama ya safari hiyo kwa lugha. Tamko linalopaswa kueleweka Geneva na Dar es Salaam kwa pamoja hulazimika kumtaja mtu kwa jina la kundi: mwathirika, mhanga, mfungwa wa dhamiri. Mwathirika hubeba -ik- ya hali. Mfungwa hubeba -w- ya kutendwa. Mtetezi, kwa upande wake, ana kiambishi tamati -i cha mtenda halisi. Yaani katika msamiati huu anayetenda ni mwenye kutetea, na anayetetewa hutendwa mara mbili, kwanza na dola, kisha na nomino.

Istilahi ya mfungwa wa dhamiri ina sharti jingine. Amnesty International, iliyoanzishwa 1961, ilimtenga nayo kila aliyetumia au kuhimiza matumizi ya nguvu. Ndiyo sababu mwaka 1964 Nelson Mandela hakuendelea kuhesabiwa miongoni mwao. Wapiganaji wa ZANU waliokuwa kambini Mgagao, mkoani Iringa, na kutoa tamko lao mwaka 1975, wasingebishana na uamuzi huo. Hawakuomba kuitwa wahanga.

Mtu aliyekuwa mfungwa kabla ya kuwa mtetezi ni Abdilatif Abdalla. Kijitabu chake Kenya: Twendapi? cha 1968 kilimpeleka gerezani kwa miaka mitatu. Sauti ya Dhiki (1973) ilitokana na kifungo hicho. Mwaka 1982 ilianzishwa London kamati ya kudai kufunguliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya, chini ya uenyekiti wa John La Rose, na Abdalla akawa miongoni mwa wanachama wake pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o. Usomaji uliozoeleka huichukua diwani kama kilio, na ni kweli kwamba jina lake linauchochea usomaji huo. Lakini majina ya tungo zenyewe yanaukataa. Siwati ni kitenzi cha nafsi ya kwanza, kikanushi, cha kutenda. N'shishiyelo ni lilo limeshikilia umbo la kale la hali timilifu lililosalia katika Kimvita, ambalo huonyesha tendo lililokwisha na hali yake ikaendelea: aliyeshika bado ameshika. Hata kijitabu kilichomfunga kina kiima tu-, kundi linalokwenda na linalojiuliza liendako. Mfungwa huyu hajaandikwa kwa kauli ya kutendwa.

Inaweza kupingwa kwamba katika "Mamba" mtenda naye amefichwa, tena ndani ya mnyama. Ni kweli, na mfungwa aliyeandika kwa siri kwenye karatasi za chooni alikuwa na kila sababu ya kuficha. Hata hivyo mamba ana meno na tabia, na msomaji wa Mombasa wa 1973 hakuhitaji kuambiwa anatazama mto gani. Ukiukwaji hauna mnyama ndani yake.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Kiima cha hukumu kilikuwa a-, cha umoja. Kiswahili cha mazungumzo, cha Ipogolo na kwingineko, kina kiima kingine kwa vifo vya namna hii: wamemuua. Wanasarufi hukiita kiima kisicho bayana, na hawakosei, kwa kuwa hakitaji jina. Lakini wa- ni ya ngeli ya watu, na ni ya wingi, sifa mbili ambazo picha za Nyololo zilikuwa nazo tangu siku ya kwanza.