Matope ya Tabora: Jinsi Hoja ya Kura Tatu Ilivyojengwa

Januari 1958, wajumbe wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walipokutana Tabora, mji uliokuwa zamani kituo kikuu cha misafara baina ya Ujiji na Bagamoyo, lililowakabili lilikuwa jambo la kuudhi zaidi kuliko la kutatiza: serikali ya kikoloni ya Gavana Twining, kwa mfumo ulioitwa kura tatu, ilimtaka kila mpiga kura, naye kwanza achujwe kwa masharti kama pato la pauni 150 kwa mwaka, awachague kwa pamoja Mwafrika, Mzungu na Mwasia.

Waliotaka kususia uchaguzi huo hawakuhitaji ufasaha mwingi, maana fedheha ile ilijieleza yenyewe. Mantiki ilikuwa upande wa Julius Nyerere, rais wa TANU, aliyetaka chama kishiriki: TANU ikisusia, viti vitatwaliwa na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana. Walakini mantiki tupu, mbele ya watu wenye ghadhabu ya haki, aghalabu hudhaniwa kuwa ni woga.

Ndipo akaleta mfano. Mbele ya nyumba yako pana matope mengi, na ng'ambo yake shamba zuri lenye mavuno tele. Je, utavuka uchafuke miguu upate kuvuna, au utabaki na miguu safi ulikose shamba?

Mtetezi dhaifu angejitahidi kuwasadikisha hadhirina kwamba kura tatu si mbaya kama wadhanivyo, na pengine angezomewa. Yeye alikiri kwamba ni uchafu, akawapa wenye hasira ushahidi walioutaka, kisha akauondoa uchafu ule moyoni, ambako ungekuwa usaliti, akauweka miguuni, ambako huoshwa. Tena shamba ni lako tayari: huulizwi kama unastahili kulipata, waulizwa utalifikiaje, na jibu unalitoa wewe mwenyewe, si mnenaji. (Na katika Unyamwezi, ilipo Tabora, ambako wapagazi walichukua pembe za ndovu hadi pwani, nani angedai kwamba msafiri hufika na miguu safi?)

Ghadhabu iliyosalia ilitafutiwa mahali pake katika azimio lenyewe, lililodai serikali ya madaraka mwaka 1959.

Hata hivyo mfano ule ulisitiri mambo mawili. Asiye na pato wala sifa nyingine iliyotakiwa hakupewa hata ruhusa ya kuyakanyaga hayo matope. Na la pili, ambalo naliona zito zaidi: msikilizaji mwenye chuki angeweza kuelewa kwamba matope ni Wazungu na Waasia wenyewe, ilhali katika kampeni TANU ilibidi iwanadi kwa wananchi wagombea kama Derek Bryceson na Amir Jamal.

Zuberi Mtemvu wa TANU hakukinaika na hoja hiyo, akajitenga na kuunda chama chake cha Congress. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP haikuambulia kiti hata kimoja.