Liwashwe Lingali Baridi: Kulipima Gari la Milango Miwili Isongole

Gari la kifahari la milango miwili likiuzwa kwa sifa ya kwamba limetunzwa, muuzaji huonyesha vitu vitatu: rangi inayong'aa, viti vya ngozi visivyo na mchaniko, na kilomita chache kwenye dashibodi. Vyote vitatu hupatikana ndani ya wiki moja kwa fundi rangi, fundi viti na mtu wa kurudisha namba nyuma. Matunzo hayapatikani hivyo. Ni oili iliyobadilishwa kwa wakati wake, ni spea halisi iliyonunuliwa kwa bei ya kuumiza huku ya bandia ikiwa dukani, mwaka baada ya mwaka. Hayo husomeka pale ambapo kitambaa cha polishi hakifiki, na ndiyo maana naamini Isongole ya huku Rungwe, kwa baridi, mvua na milima yake, inalipima gari la namna hii vizuri kuliko Dar es Salaam.

Chukua Mercedes-Benz CLK ya muundo wa W209, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002. CLK 200 Kompressor ina injini ya silinda nne, M271, na udhaifu wake mafundi wanaufahamu: cheni ya taimingi hurefuka, hasa oili ikicheleweshwa. Ikisharefuka, injini hugonga kwa sekunde chache inapowashwa ikiwa baridi, kisha hunyamaza. Kwenye joto la Pwani, gari likiwa limetoka kuendeshwa, unaweza usisikie kitu. Asubuhi ya Juni huku juu, gari lililolala nje kwenye umande halina pa kuuficha mlio huo. Kwa hiyo gusa boneti kabla ya kuwasha. Ukikuta ina uvuguvugu, limeshawashwa kabla hujafika. Rudi siku nyingine. Halafu fungua chombo cha maji ya rejeta. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huchemka karibu nyuzi 93, kwa hiyo maji ya bomba badala ya kulanti ni dalili mbaya, tena yenye rangi ya kutu ni mbaya zaidi. Baada ya hapo lipandishe kutoka Kiwira hadi Isongole, nyuma ya malori ya viazi, na uangalie mshale wa joto huku ukisikiliza gia zinavyobadilika. Gia ikishtuka au injini ikinguruma bila gari kuvuta, giaboksi imeanza kudai.

Mvua nayo ni shahidi mzuri. Milango ya CLK haina fremu juu ya vioo, na hakuna nguzo kati ya kioo cha mbele na cha nyuma. Uzuri wote wa ubavu wake unashikiliwa na mipira. Mpira uliokakamaa huvujisha. Inua zulia miguuni na mkeka wa buti, bonyeza sponji kwa kidole, unuse. Ukiwa hapo chini, soma tairi: tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za kampuni moja na za umri mmoja hunishawishi kuliko rimu mpya.

Wapo watakaosema mashine ya gereji ya kusoma hitilafu inamaliza kazi yote hii. Mashine inafaa, lakini hitilafu zinaweza kufutwa dakika chache kabla hujafika; lipime gari tena baada ya kupanda mlima. Wengine watashikilia kilomita chache. Gari lililosimama muda mrefu kwenye unyevu wa Rungwe huota kutu kwenye disiki za breki na mipira yake hukauka, hivyo uhaba wa safari peke yake si ushahidi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba gari fupi la milango miwili halikuumbwa kwa barabara zetu. Ila Datsun 240Z, gari la aina hiyohiyo, ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Magari yale yalipita kwenye tope na mawe yakiwa na mafundi njiani wa kubadilisha kilichochoka. Ndiyo maana kwa gari lililokaa huku miaka kadhaa naulizia kwanza risiti za bushi, shokapu na mikono ya chini. Zisipokuwepo, ingia mwenyewe uvunguni na tochi, utazame bushi zilizopasuka na shokapu zilizolowa oili, na gharama yake yote iondolewe kwenye bei kabla hamjaanza kuzungumzia rangi.