"Maendeleo": Nani Mtenda?

Walimu wa lugha wamezoea kulifasiri neno la Kiingereza "development" kwa "maendeleo", na tafsiri hiyo imekwisha kukubalika. Hata hivyo, maneno haya hayalingani kisarufi. Kitenzi cha Kiingereza huweza kuchukua yambwa, yaani mtendwa. Neno letu limetokana na "endelea", kitenzi kisichochukua yambwa, chenye mzizi wa "enda". Anayeendelea huenda mwenyewe. Akisukumwa, hatuna budi kusema "ameendelezwa".

Tofauti hiyo yaonekana wazi katika historia ya Ukambani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kupunguza ng'ombe wao kwa hoja ya kuhifadhi ardhi. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga amri hiyo. Serikali iliacha kuwalazimisha, lakini yeye akahamishiwa Lamu. Katika shauri hilo la kustawisha nchi, Wakamba walikuwa yambwa tu.

Tulinganishe na Kitui, hasa tangu miaka ya 1990. Vikundi vya majirani, kwa desturi ya kusaidiana iitwayo mwethya, vimejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ya msimu. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji huhifadhika ndani yake hata wakati wa kiangazi. Saruji huenda ikatoka kwa mfadhili. Mawe, mchanga na nguvu hutoka kijijini. Hapa kitenzi "wameendelea" chatumika kwa haki.

Kwa hiyo tunatilia shaka usemi uliozagaa mikutanoni, "kuwaletea wananchi maendeleo". Usemi huo huigeuza safari ya watu kuwa mzigo unaobebwa na mkubwa fulani, nao wananchi hubaki kungoja na kushukuru.

Msomaji aweza kupinga kwamba maana hubadilika kwa matumizi, na kwamba mwethya hauwezi kujenga barabara ya lami. Hoja zote mbili ni za kweli. Serikali yapaswa kuleta barabara, na wananchi wana haki ya kuidai. Lakini barabara iitwe barabara. Mwalimu Nyerere alikwisha kusisitiza mwaka 1968 kwamba watu hujiendeleza wenyewe. Sarufi ya Kiswahili yaafikiana naye, na wanaoandika hotuba na vitabu vya shule wangefaa kuizingatia.