Ngoma Iliyopigwa Chini ya Ngazi

Mwanzoni hakuna gitaa wala mwimbaji. Yuko John Bonham na dramu zake tu, na ukiwa na spika nzuri utadhani mtu anagonga lango la jumba lililohamwa. Wimbo ni "When the Levee Breaks", unaofunga albamu ya nne ya Led Zeppelin iliyotoka Novemba 1971. Wanaousifu hutaja kwanza mikono ya Bonham na jinsi alivyochapa. Nguvu alikuwa nayo kweli. Mimi kinachonirudisha kila mara ni ile nafasi iliyo wazi kati ya pigo na pigo, na jinsi ilivyojazwa.

Tuanze na mguu. Katika kila mzunguko wa mapigo manne, snea inalia pale inapotarajiwa, kwenye la pili na la nne. Dramu ya besi ndiyo yenye ujanja. Inafungua mzunguko kwa hatua mbili zilizofuatana upesi, halafu inanyamaza kuipisha snea. Kisha, badala ya kutua juu ya pigo la tatu, inatangulia kidogo, na inarudi tena pigo hilo likishapita. Sikio linangoja mguu pale katikati na haliukuti. Hapo ndipo wimbo unapoegemea nyuma, kama mtu mzito anayeteremka mlima bila haraka.

Na haraka haipo kabisa. Kasi ni takriban mapigo 70 kwa dakika, yaani karibu sekunde 0.85 kutoka pigo moja hadi lingine. Jaribu kupiga meza kwa mwendo huo kwa dakika saba, urefu wa wimbo wenyewe, uone mkono unavyotamani kuongeza chochote ili kuziba ukimya. Bonham hakuongeza. Alijua ukimya ule una mwenyewe, na mwenyewe ni nyumba.

Nyumba hiyo ni Headley Grange, Hampshire, kusini mwa Uingereza, iliyojengwa mwaka 1795 kuwahifadhi maskini. Bendi ilihamia humo kurekodi, lori la mitambo la Rolling Stones likiwa limeegeshwa nje. Dramu ziliwekwa ukumbini, mahali ngazi zinapoanza kupanda kuelekea orofa za juu. Fundi sauti Andy Johns alining'iniza maikrofoni mbili aina ya Beyerdynamic M160 huko juu ya ngazi, zikimtazama Bonham kutoka mbali. Basi. Mbele ya dramu ya besi hapakuwa na maikrofoni, wala karibu na snea.

Uamuzi huo ulikwenda kinyume na mazoea. Studio nyingi zilikuwa zikisogeza maikrofoni karibu na ngozi ili kila dramu isikike peke yake, safi, bila chumba kuingilia. Aliyewahi kusikia ngoma ikipigwa ndani ya ua wenye kuta za mawe atamwelewa Johns mara moja: mlio wenyewe hufika kwanza, nyuma yake unafuata ule uliogonga ukuta, kisha uliogonga dari, na vyote vikiungana ngoma moja inakuwa na mwili wa ngoma tano. Maikrofoni iliyobanwa kwenye ngozi haiwezi kuusikia mwili huo.

Kisha Johns akaiminya sauti kwa kompresa, tena bila huruma. Kifaa hicho hukandamiza kishindo cha kwanza, na kishindo kinapofifia huuachia mkia wa mlio upande. Ndiyo maana baada ya kila pigo la snea unasikia ukumbi ukivuta pumzi. Juu ya hayo akapitisha dramu kwenye Binson Echorec, mashine ya Kitaliano ya mwangwi, inayorudia pigo muda mfupi baada ya fimbo kutua. Marudio hayo huangukia kwenye zile nafasi ambazo Bonham aliziacha. Kama angepiga mapigo mengi zaidi, mwangwi ungegongana nayo na kuwa vurugu. Kwa kupiga machache alimpa kazi mpigaji wa pili asiyeonekana.

Ushahidi upo. Bendi ilikuwa imeshaujaribu wimbo huu katika studio za Island, London, Desemba 1970, na jaribio hilo lilitolewa hadharani mwaka 2015. Mpigaji ni yuleyule, mikono ni ileile, lakini ngoma zinabaki ngoma tu. Hakuna jumba.

Wimbo haukuwa wao tangu asili. Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi mwaka 1929, miaka miwili baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi. Wa kwao ni mwepesi, wa magitaa mawili na sauti ya mtu. Bonham ndiye aliyeyaleta maji yenyewe: besi inakuja, inarudi nyuma, inakuja tena, na huwezi kuizuia.

Kwa kuwa dramu ziko peke yake mwanzoni, zilikuwa rahisi kukatwa. Beastie Boys walizikata na kuzizungusha mwaka 1986 kufungulia albamu yao ya kwanza, na watayarishaji wengi wa hip-hop wakafuata. Pamoja na pigo, walichukua pia kuta, ngazi na dari ya Headley Grange.

Led Zeppelin wenyewe waliupiga jukwaani mara chache tu, mwanzoni mwa 1975, kisha wakauacha. Bonham alifariki Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 32.