Kuipima Tanzia ya Kigiriki

Mtunzi wa tanzia katika Athens ya karne ya 5 KK alikuta masharti yamekwisha kuwekwa. Wasemaji jukwaani wasizidi watatu, wote wanaume, nao wagawane wahusika wote kwa kubadili barakoa. Kwaya iwepo, watu 12, baadaye 15, ikiimba na kucheza. Mauaji, kwa desturi, yatokee nyuma ya mlango. Anayetaka kuitambua tanzia bora asiipime kwa wingi wa maiti. Atazame masharti hayo yamefanyishwa kazi gani.

Mimi huanza na ukimya. Katika Agamemnon ya Aeschylus, iliyoigizwa mwaka 458 KK, Cassandra analetwa mateka na kukaa kimya. Malkia Clytemnestra anamsemesha, hajibu. Mtazamaji aliyezoea wahusika bubu angeweza kudhani huyu naye ni mmoja wao. Malkia anapoingia ndani ndipo Cassandra anapopaza sauti kumlilia Apollo, kisha anatabiri damu itakayomwagika, yake ikiwemo. Katika tamthilia inayofuata, Pylades anaandamana na rafiki yake Orestes, mwana wa Clytemnestra, bila kutamka neno, mpaka Orestes anaposita kumwua mama yake na kumwomba shauri. Pylades anajibu kwa mistari mitatu, anamkumbusha agizo la Apollo, na hasemi tena hadi mwisho. Sijui matumizi bora zaidi ya mwigizaji wa tatu.

Kwaya nayo ipimwe kwa swali moja: mambo yakiharibika, yenyewe itapoteza nini? Kwaya hafifu huimba nyimbo ambazo zingefaa tamthilia yoyote. Aristotle alilalamikia jambo hilo hilo. Katika tamthilia hiyo ya Orestes, kwaya ni wanawake watumwa wenye chuki na watawala wao. Yaya anapotumwa kumwita Aegisthus, mpenzi wa malkia, aje na walinzi, wao wanamshawishi aubadili ujumbe, aje peke yake. Aegisthus anakuja peke yake na anauawa.

Yaliyotendeka ndani husimuliwa na mjumbe. Msikilize kwa makini, kwani hapa ndipo watunzi wengi hupiga kelele bure. Mjumbe wa Sophocles katika tamthilia ya mfalme Oedipus hatangazi tu kwamba mfalme amejipofua. Anatuonyesha akiushusha mwili wa mkewe Jocasta kutoka kitanzini, akizichomoa pini za dhahabu zilizofunga vazi lake, akijichoma nazo macho tena na tena. Pini hizo ndizo kipimo changu: msimulizi aliyeona kweli hukumbuka kitu mahususi.

Kuna pia winchi ya kumning'iniza mungu juu ya paa ili aamue mambo. Mtunzi akiitumia kwa sababu kisa kimemkwama, ni udhaifu. Euripides, katika Medea, anampandisha humo mama aliyetoka kuwaua wanawe, akiwa ndani ya gari la babu yake Jua, maiti za watoto mikononi mwake, huku baba yao Jason akibembeleza kutoka chini aruhusiwe kuzigusa. Mahali pa mungu pamekaliwa na yeye, wala hakuna wa kumhukumu. Aristotle aliulaumu mwisho huo, na katika mashindano ya mwaka 431 KK Euripides alipewa nafasi ya tatu, ya mwisho, nyuma ya Euphorion na Sophocles. Namheshimu Aristotle, na waamuzi wa mashindano pia, lakini kwa mwisho huo peke yake Medea ni miongoni mwa tanzia tatu ninazoziweka juu ya nyingine zote.