Bambo la Kupimia Banda

Mnunuzi wa mahindi anayeijua kazi yake hanunui gunia kwa macho. Akifika Pito, au kwenye ghala lolote la Sumbawanga mjini, anatoa bambo lake, anachoma gunia juu, anachoma katikati, kisha anainama na kuchoma chini kabisa karibu na mshono, maana huko ndiko mtu mwenye hila huficha punje zilizooza. Kila mara anamimina punje kiganjani, anazipuliza, anazigeuza kwa kidole gumba. Halafu anachagua moja na kuiuma kwa gego. Ikipasuka kwa mlio mkavu, mazungumzo yanaendelea. Ikibonyea kimya, bei inashuka hapo hapo. Siku hizi kuna kipima unyevu, na mahindi yakizidi asilimia 13.5 yanarudishwa juani, lakini wazee bado huuma kwanza, na mara nyingi gego na mashine husema jambo moja.

Nimekulia kati ya magunia hayo. Baadaye kazi ya kompyuta ilinipeleka kwenye makongamano ya programu huria, nikasimama nyuma ya meza nyingi na mbele ya meza nyingi zaidi, na mpaka leo sijui njia nyingine ya kulipima banda isipokuwa hiyo ya bambo: choma juu, choma katikati, choma chini.

Nazungumzia banda la jumuiya ya watu wa mradi huria, si la kampuni. Kampuni hulipia nafasi, huleta televisheni kubwa na watu waliofundishwa kuuza. Jumuiya hupewa meza na viti viwili, tena mara nyingi bila malipo, kama wanavyofanya kwenye kongamano la FOSDEM mjini Brussels kila mwaka karibu na mwanzo wa Februari, ambako kiingilio hakuna na meza za miradi hupangwa kwenye korido za chuo kikuu. Kwetu tumeyaona makongamano haya pia. Agosti 2018 kongamano la FOSS4G, la programu huria za ramani, lilifanyika Dar es Salaam katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mikutano wa Julius Nyerere, na Septemba 2024 State of the Map, mkutano wa dunia wa ramani huria ya OpenStreetMap, ukaja Nairobi. Anayesimama mezani kwenye mikutano hiyo kwa kawaida ni mwanafunzi, mwalimu au fundi aliyeomba ruhusa kazini. Hana cha kuuza. Ana kazi ambayo haijaisha, na anatafuta mikono ya kuisaidia. Usipolikumbuka hilo utapima vitu visivyohusika.

Kwanza simama mbali, hatua kumi na tano hivi, na usiende upesi. Tazama miguu ya watu. Penye banda zuri miguu hugeuka kuelekea meza kabla uso haujageuka, na mtu akishafika hakai upande upande kama anayetaka kukimbia. Kisha tazama migongo ya kompyuta. Wahudumu wakiwa wameketi nyuma ya meza, kila mmoja na kompyuta mpakato yake iliyomkabili yeye, mgeni huona safu ya migongo myeusi tu. Ni kama yale maduka yenye nondo dirishani, unataja unachotaka na unapewa kupitia tundu. Hapo sihitaji kusogea zaidi. Banda la wanaojua limegeuza skrini nje, limesogeza meza ukutani, na mhudumu amesimama upande wa mgeni, bega kwa bega naye, wote wakitazama kitu kimoja.

Sasa sogea, uchome bambo la juu. Uliza, "Hii ni nini?" kisha nyamaza. Sentensi ya kwanza utakayopewa ndiyo punje ya kwanza kiganjani. Akianza na historia ya mradi, au jina la lugha iliyotumika kuandika programu, hiyo ni punje iliyobunguliwa. Niliwahi kumsikia dada mmoja kwenye meza ya DHIS2, programu huria ya takwimu za afya, akiulizwa swali hilo na nesi wa zahanati. Hakutaja Oslo, ingawa Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachosimamia programu hiyo. Aliuliza, "Vitabu vya MTUHA unavijaza?" Nesi akacheka kwa uchovu, maana vitabu hivyo vya takwimu za wagonjwa, zahanatini nani asiyevijaza. "Basi zile jumla zako za mwisho wa mwezi zinaingizwa humu." Ndani ya maneno kumi nesi alijua kwamba programu huria hakuianza siku hiyo, alikuwa akiilisha kwa kalamu yake kwa miaka. Hiyo ndiyo punje inayolia inapoumwa.

Bambo la katikati linahusu lugha, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mabanda mengi yenye watu wazuri huharibikia hapa.

Sikiliza kama wanasema "bure" au wanasema "huria". Kiswahili kimetupa maneno mawili pale ambapo Waingereza wanahangaika na moja, nasi tunaitupa bahati hiyo kwa kusema tu, "Chukua, ni ya bure." Mtu wa kwetu Ufipa akisikia bure anasikia mambo mawili kwa pamoja: hailipiwi, na haina maana. Kazi bure, maneno ya bure, amekwenda bure. Tena amejifunza kuogopa cha bure kilichofungwa vizuri. Kwa hiyo mhudumu hodari hulikwepa neno hilo mwanzoni, halafu bei huja yenyewe baadaye, mgeni anapouliza.

Lakini "huria" nalo lina makovu. Mkulima mwenye umri wangu au zaidi akisikia huria anakumbuka soko huria, mlanguzi aliyeingia kijijini na lori, gunia likajazwa lumbesa mpaka likafungwa kwa kamba juu ya mdomo, na bei ikasemwa na yule mwenye lori. Ukimwambia mtu huyo kwamba programu yako ni huria na ukaishia hapo, umemwambia jambo baya. Lazima umwonyeshe uhuru wa nani. Maelezo bora niliyowahi kuyasikia yalitumia mbegu. Kuna mbegu ya dukani, chotara, ambayo msimu wa kwanza inakupa mavuno makubwa, lakini ukiirudia kupanda mwaka wa pili inashuka, inabidi urudi dukani. Na kuna mbegu yako ya ulezi au ya maharage, uliyoihifadhi juu ya moshi wa jiko, unayoweza kupanda, kuchagua iliyo bora, kumgawia jirani, na jirani akaichagua tena kwa shamba lake la bondeni. Programu huria ni mbegu ya namna hiyo: ndani yake panaonekana, unaweza kuibadilisha, unaweza kumpa mwenzio, na leseni yake imeandikwa ili asitokee mtu wa kuwazuia. Nimewaona wazee wakiitikia kwa kichwa mpaka leseni ilipofika, kisha wakauliza maswali kuhusu leseni ambayo wanafunzi wa chuo hawajayauliza.

Pima pia lugha iliyo kwenye skrini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na tangu hapo hakuna sababu ya kumwambia Mswahili kwamba maneno hayapo. Banda ambalo linahudumia Waswahili huku skrini zote zikiwa za Kiingereza, mimi hulikata alama. Likiwa na tafsiri yenye makosa, halafu mhudumu akakwambia "hili neno tulikosea, wewe ungesemaje?" na akaliandika jibu lako, nalipa alama nyingi kuliko lenye tafsiri safi isiyogusika.

Mambo ya vifaa nayapitia upesi, kwa kuwa yanaonekana kwa yeyote. Banda lisilofanya kazi mtandao unapokatika ni banda la nusu siku. Ramani, programu na mafunzo viwe vimeshapakuliwa, na viwe kwenye flashi kadhaa za kuazimana. Soketi ya ukumbini isitegemewe. Bango lisomeke kutoka kule uliposimama kwanza, jina la mradi na sentensi moja, basi. Nje uwanjani, Agosti, jua likiwa nyuma ya mgeni skrini inageuka kioo. Waliozoea hugeuza meza asubuhi na kuigeuza tena mchana. Stika ni nzuri, watoto wanazipenda, lakini foleni ya stika isikudanganye. Nimeona meza iliyogawa fulana mpaka zikaisha saa nne asubuhi, na kuanzia saa tano hapakuwa na mtu.

Turudi kwenye ubora wenyewe. Swali langu kubwa kwenye banda lolote ni moja: nani ameshika kipanya?

Mwaka mmoja wakati wa maonyesho ya Nane Nane, Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, ambako mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini hukutana, nilikuta meza ya vijana watatu wa OpenStreetMap. Mama mmoja wa makamo alisimama kupumzisha mzigo. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Akamuuliza anatokea wapi, naye akajibu, "Pito, Sumbawanga." Masikio yangu yakasimama. Kijana hakumpa kipeperushi. Alisogeza ramani mpaka Pito, iliyokuwa imeshapakuliwa pamoja na picha yake ya satelaiti, akaachia kipanya na kurudi nyuma nusu hatua.

Palikuwa pamechorwa barabara, majengo machache, basi. Mama alianza kwa kidole, akifuata barabara bila kugusa kioo. "Hapa shule. Hapa tunakata kulia." Kidole kikasimama. "Kisima mmekiacha." Kijana angeweza kukiweka mwenyewe kwa sekunde tatu. Badala yake akasema, "Kiweke, mama." Kishale kikaruka pembeni, mama akakirudisha, kikaruka tena, akakirudisha, na mle kwenye picha ya satelaiti akatafuta mti mmoja anaoujua, akabonyeza pembeni yake. Kijana akauliza wenyeji wanakiitaje. Mama akataja jina la mzee aliyekichimba. Kijana akaandika, akamsomea. "Hapana," mama akasema, na kumsahihisha herufi moja, kwa kuwa kwa Kifipa jina lile halitamkwi hivyo. Herufi ikabadilishwa. Wenzake wawili muda wote huo hawakuingilia, ingawa watu walikuwa wamekusanyika.

Sikuwa nimeona kazi safi kama ile hata kwenye kumbi zenye viyoyozi. Ukiitazama kwa jicho la fundi, utaona vitu vitatu vimefanyika bila kutangazwa: mgeni ameanza na mahali anapopajua kuliko mhudumu, mkono wake umeingia kwenye kazi, na maarifa yake yameishinda kompyuta mbele ya watu. Ramani ya Dar es Salaam iliyojengwa na mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wakipita mitaa inayofurika maji wakiwa na wenyeji wao, ilisimama juu ya msingi huo huo. Banda ni kipande kidogo cha kazi ile, kilichowekwa mezani.

Kwa hiyo ukiwa kwenye banda, uliza, "Nikikosea je?" Mhudumu mwenye hofu atakuondoa mkono. Mwenye kujua atakuonyesha kwamba kila badiliko linahifadhiwa historia yake na linaweza kurudishwa, halafu atakuacha ukosee. Uliza pia jambo gumu kupita uwezo wake. "Sijui, ngoja niandike nimuulize anayejua" ni jibu la daraja la kwanza. Tazama na zamu zao: wawili wawili, saa mbili mbili, na kila mtu amekula. Mwenye njaa hawezi kumsubiri mgeni akirudisha kishale mara ya tatu.

Bambo la chini huchomwa saa ya mwisho ya siku ya mwisho, mabango yanapokunjwa. Omba kuliona daftari lao. Nina sababu ya kulisisitiza hili. Meza moja niliyoisimamia mimi ilijaa siku nzima, ikasifiwa, na tulirudi na kurasa za majina na namba za simu. Tulipoketi kuwapigia, hapakuwa na neno lolote pembeni ya namba. Nani aliahidiwa flashi, nani alitaka kufundishwa, nani aliuliza kuhusu shule yake? Tulipiga chache, tukaona aibu, tukaacha. Watu wale walitoa muda wao kwetu, nasi tukaupoteza, na mpaka leo linaniuma. Daftari zuri lina mistari michache kuliko letu, na kila mstari una ahadi na jina la aliyeitoa.

La vijana wa Mbeya niliomba kuliona. Karibu na namba ya yule mama palikuwa pameandikwa: kisima, jina lina herufi aliyosahihisha, kipandishwe tukipata mtandao, apigiwe.

Mwezi uliofuata, nikiwa nyumbani, nilipakua upya ramani kwenye simu na kuisogeza mpaka Pito. Kisima kilikuwepo, alama ndogo ya bluu pembeni ya mti, na jina la mzee limeandikwa kama linavyotamkwa. Nilipomkuta mama njiani na kumwonyesha, alikuwa ameshajua. Walimpigia siku ya nne.